Rangi Inayotambulisha Uhai: Kutoka Punje ya Mahindi Hadi Moyo wa Mwanadamu

Punje mbili za mahindi zikiwekwa juu ya kiganja, moja hai na nyingine iliyokufa, hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kuzitenganisha. Zote mbili ni ngumu, zote zinang'aa, na uzito wake ni ule ule. Mama mwenye nyumba aliyezitundika mbegu zake darini juu ya meko, ili moshi uwafukuze fukusi, hawezi kujua kama joto la moto limeviua viini au limeviacha salama. Atajua baada ya kupanda, wiki moja au zaidi baadaye, atakapoiona mistari ya shamba lake ina mapengo kama kinywa cha mzee. Na wakati huo mvua za kwanza zimekwisha kupita bure.

Katika maabara za kukagua mbegu swali hilo hujibiwa kwa muda wa siku moja tu. Punje hulowekwa majini usiku kucha. Asubuhi hupasuliwa kwa wembe kwa urefu, katikati ya kiini, na nusu zake hutumbukizwa katika maji yaliyotiwa chumvi fulani isiyo na rangi. Chombo huwekwa gizani, mahali penye joto la kadiri ya nyuzi 30 za Selsiasi. Baada ya saa mbili au tatu fundi wa maabara huzitoa punje zake na kuzitazama. Kiini cha punje iliyo hai kimekuwa chekundu kama damu. Kiini cha punje iliyokufa ni cheupe vile vile kilivyokuwa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika kazi hiyo hakuna mtu aliyetia rangi. Maji yalikuwa meupe, na chumvi iliyotiwa haikuwa na rangi yoyote. Wekundu ule umetengenezwa na punje yenyewe, kwa nguvu ya uhai uliomo ndani yake.

JIKONI KABLA YA MAABARA

Kila chembe hai, iwe ya mmea, ya mnyama au ya mwanadamu, hufanya kazi zake kwa msaada wa vimeng'enya. Hivi ni vitu vya jamii ya protini vinavyoharakisha mabadiliko ya mwilini, na kila kimoja kina kazi yake maalumu. Mtu akitafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kulimeza huhisi utamu ukianza kutokea. Hicho ni kimeng'enya cha mate kinachoukata wanga kuwa sukari. Anayetengeneza kimea kwa ajili ya togwa hutumia kimeng'enya cha namna hiyo hiyo, ambacho mbegu ya ulezi hukitengeneza inapoanza kuota.

Wapishi, zaidi ya hayo, wamekwisha kuona kwa macho yao vimeng'enya vikitengeneza rangi. Ndizi mbichi iliyomenywa na kuachwa mezani hugeuka kahawia, na kiazi hufanya vivyo hivyo. Ndani ya tunda kuna vitu visivyo na rangi vilivyotengwa mbali na kimeng'enya, kana kwamba kila kimoja kimefungiwa chumba chake. Kisu kinapokata, kuta huvunjika, vitu hivyo hukutana, hewa huingia, na rangi hutokea. Maji ya limau huzuia jambo hilo, na ndizi ikitiwa mara moja katika maji yanayochemka haigeuki kahawia, kwa sababu moto umekiua kimeng'enya chake. Chai nyeusi inayonywewa kila asubuhi hupata rangi yake kwa njia hiyo hiyo: majani mabichi husagwa kiwandani makusudi ili vimeng'enya vyake vikutane na vile vinavyopaswa kugeuzwa.

Walichofanya wataalamu ni kuligeuza jambo hilo kuwa chombo cha kuulizia. Kimeng'enya chenyewe ni kidogo mno, hakionekani hata kwa hadubini ya kawaida. Lakini mvuvi naye hamwoni samaki aliye kilindini; hutupa chambo na kungoja kamba itikisike. Chambo cha maabara ni kitu kisicho na rangi kilichoundwa ili kimeng'enya kinachotafutwa kikiguse na kukigeuza rangi. Penye rangi pana kimeng'enya, na kimeng'enya hicho kilikuwa kinafanya kazi.

Rangi hiyo haina budi kuwa ya namna isiyoyeyuka katika maji. Wino ukidondokea karatasi mbichi husambaa, na anayeitazama hawezi kusema tone liliangukia wapi. Rangi inayosambaa ndani ya tishu nayo ingechafua chembe za jirani na kuzishuhudia uongo. Kwa hiyo hutafutwa chambo kinachozaa rangi ngumu, inayoganda pale pale ilipozaliwa.

CHUMVI ILIYONGOJA KAZI

Chumvi ile ya punje za mahindi ni ya jamii iitwayo tetrazoli. Iliundwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1894 na Hans von Pechmann pamoja na mwenzake Runge, ikakaa karibu miaka 50 bila kupata kazi yenye maana. Mwaka 1941 Richard Kuhn na Dietmar Jerchel wa Heidelberg walionyesha kwamba vitu vilivyo hai, kama vile hamira na mbegu zinazoota, huigeuza kuwa rangi nyekundu iitwayo formazani. Chembe inapopumua, vimeng'enya vyake huvua haidrojeni kutoka katika chakula na kuipokeza mbele, mkono kwa mkono. Chumvi ya tetrazoli ikiwapo njiani hupokea haidrojeni hiyo, nayo hugeuka nyekundu. Chembe iliyokufa haipumui, basi haina cha kutoa.

Aliyeipeleka chumvi hiyo kwenye mbegu alikuwa Georg Lakon, mkaguzi wa mbegu huko Hohenheim, karibu na mji wa Stuttgart. Kabla ya hapo zilitumiwa chumvi za seleni, ambazo ni sumu kali na si kitu cha kuwapa mafundi wazishike kila siku. Katika miaka ya 1940 Lakon aliziacha, akachukua tetrazoli. Yeye hakuridhika kuuliza kama punje ni nyekundu au nyeupe; aliuliza ni nyekundu mahali gani. Punje yenye doa jeupe pembeni yaweza kuota bila taabu, lakini doa hilo hilo likiwa mahali ambapo mzizi na chipukizi huanzia, punje hiyo haifai kupandwa. Wekundu mpauko ni dalili ya udhaifu, na wekundu uliokolea kupita kiasi huonyesha mahali palipopondwa au panapoanza kuharibika. Fundi mzoefu huisoma punje kama ramani. Chama cha kimataifa cha ukaguzi wa mbegu, kilichoundwa mwaka 1924, kimeiingiza njia hiyo katika kanuni zake.

Ramani hiyo huonyesha na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sehemu kubwa ya punje ya mahindi, ile nyeupe inayosagwa kuwa unga, haigeuki nyekundu hata punje iwe nzima kiasi gani. Ni akiba ya chakula tu, na chembe zake zilikwisha kufa wakati punje ilipokomaa. Kilicho hai ni kiini na utando mwembamba unaoizunguka akiba hiyo. Ndiyo sababu punje iliyoliwa na fukusi kwenye kiini haioti, ijapokuwa unga wake wote ungalipo, na nyingine iliyotobolewa upande wa pili yaweza kuota, ingawa kwa unyonge.

Kazi hii si ya jikoni. Chumvi ya tetrazoli ni kemikali ya maabara, haifai kuwekwa penye watoto na chakula. Mwenye shamba dogo anaweza kuijaribu mbegu yake kwa njia ya zamani, ambayo haigharimu chochote ila subira. Huhesabu punje 100 bila kuchagua, huzipanga juu ya kitambaa safi kilicholoweshwa, hukikunja, na kukitunza kisikauke kwa muda wa siku 7. Zikiota 90, mbegu ni njema. Zikiota 50, hana budi kupanda mara mbili ya alivyokusudia, na ingefaa zaidi atafute mbegu nyingine. Tofauti ni ule muda wa wiki moja, na kwa anayeyaona mawingu yakijikusanya wiki moja ni nyingi.

BIBI MMOJA NA FIGO LENYE RANGI

Wakati Lakon akishughulika na mbegu, wengine walikuwa wakiuliza swali hilo hilo katika tishu za wanyama. Mwaka 1939 daktari George Gomori, Mhungaria aliyehamia Chicago, na Hideo Takamatsu wa Japani, kila mmoja peke yake na bila kushauriana, walipata namna ya kuonyesha ndani ya kipande chembamba cha nyama mahali kilipo kimeng'enya kinachokata fosfati. Kimeng'enya kilikata, fosfati iliyoachwa huru ilinaswa kwa chokaa, na baada ya hatua kadhaa mahali hapo palibaki alama nyeusi. Njia ilikuwa nzuri, lakini ilizunguka mno.

Aliyeifupisha alikuwa mwanamke, Maud Menten, aliyezaliwa Kanada mwaka 1879. Jina lake lilikuwa limekwisha kuingia katika vitabu tangu mwaka 1913, pale yeye na Leonor Michaelis walipotoa, mjini Berlin, hesabu ya mwendo wa vimeng'enya ambayo hata leo hufundishwa kwa kila mwanafunzi wa somo hilo. Baadaye alifanya kazi Pittsburgh, Marekani, akifundisha katika chuo kikuu na kuchunguza maradhi katika hospitali ya watoto. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 65, yeye pamoja na Junge na Green walitangaza njia mpya. Walichukua kitu kisicho na rangi kilichofungwa na fosfati, wakakipa kipande cha figo. Kimeng'enya kilipoikata fosfati, nusu iliyobaki iliungana papo hapo na kitu cha pili kilichokuwa kikingoja ndani ya maji, na kwa kuungana kwao ikazaliwa rangi ya jamii ya azo, jamii ile ile inayotumiwa viwandani kutia nguo rangi. Hatua zile nyingi zikawa moja, na figo likajichora lenyewe.

Inafaa kukumbukwa kwamba bibi huyu alipewa cheo cha profesa kamili umri wake ukikaribia miaka 70, muda mfupi kabla ya kustaafu. Wanaume wengi waliofanya machache kuliko yeye walikipata mapema zaidi.

MTOTO ASIYEPATA CHOO

Manufaa makubwa ya rangi hizi kwa jamaa za nyumbani yanaonekana vizuri zaidi katika ugonjwa mmoja wa watoto wachanga.

Mtoto aliyezaliwa mzima kwa kawaida hutoa kinyesi chake cha kwanza, kile cheusi kinachonata, katika siku yake ya kwanza. Yuko mtoto ambaye siku ya pili inakwisha bila kukitoa. Tumbo lake huvimba na kukaza kama ngoma, hukataa ziwa, na hutapika matapishi ya kijani. Nyumbani husemwa kwamba ni chango. Huletwa dawa za miti, na mara nyingine mtoto hupigwa bomba la majani, jambo la hatari kubwa kwa utumbo ambao tayari umejaa na kunyooka. Mtoto wa namna hiyo hapaswi kungojewa hata siku moja zaidi. Mahali pake ni hospitali.

Mojawapo ya sababu zinazoweza kumfika ni ugonjwa unaoitwa kwa jina la Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliyewaeleza wenzake mjini Berlin mwaka 1886 habari za watoto wawili waliokufa utumbo wao mpana ukiwa umetanuka kupita kiasi. Huwapata watoto kadiri ya 1 kati ya 5,000, na wavulana huzidi wasichana kwa mbali. Kwa miongo mingi madaktari waliiona sehemu ile iliyotanuka kuwa ndiyo yenye ugonjwa, wakaikata, na watoto hawakupona. Baadaye ilithibitika kwamba ukweli ulikuwa kinyume. Sehemu iliyotanuka ilikuwa nzima, ikihangaika kusukuma. Mgonjwa ni kile kipande chembamba kilicho chini yake, karibu na njia ya haja kubwa, ambacho kinaonekana hakina kasoro. Humo mna upungufu wa chembe za neva zinazouamuru utumbo ulegee, basi hukaa umefumba siku zote. Mwaka 1948 Orvar Swenson wa Boston alieleza upasuaji wa kukiondoa kipande hicho na kuvuta sehemu iliyo nzima mpaka chini, na watoto wakaanza kupona.

Lakini daktari hawezi kukata kwa kubahatisha. Lazima ajue kwamba chembe za neva kweli hazimo, na ajue utumbo mzima huanzia wapi. Mwanzoni ilibidi mtoto alazwe usingizi na kukatwa kipande kinachopita kwenye ukuta wote wa utumbo. Mwaka 1969 Helen Noblett, daktari wa upasuaji wa watoto, alieleza mrija mwembamba unaofyonza na kukata kipande kidogo cha utando wa juu bila mtoto kuhisi maumivu. Raha hiyo ikaleta taabu yake. Katika kipande kidogo na kifupi namna hiyo, hata kikitoka kwa mtoto mzima, chembe za neva ni haba. Mchunguzi akitazama asizione, je, hazimo mwilini, au hazimo tu katika kipande alichopewa? Kutokuona kitu si sawa na kuthibitisha kwamba hakipo. Askari aliyetumwa kupeleleza msituni anaifahamu tofauti hiyo.

Hapo ndipo rangi ilipokata shauri. Katika sehemu isiyo na chembe za neva, nyuzi za neva zitokazo nje huingia kwa wingi na kwa unene usio wa kawaida, kana kwamba zinamtafuta mwenyeji aliyeondoka. Nyuzi hizo zimejaa kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterazi. Namna ya kukionyesha kwa rangi ya kahawia ilikuwa imekwisha kutolewa na Karnovsky na Roots mwaka 1964. Mwaka 1972 Meier-Ruge wa Basel, Uswisi, pamoja na wenzake, waliitumia juu ya vipande vidogo vya utumbo wa watoto. Utando wa mtoto mzima ulionyesha nyuzi chache nyembamba. Utando wa mtoto mgonjwa ulijaa nyuzi nene za kahawia, zimetanda kama mizizi ya mwarobaini. Mchunguzi hakulazimika tena kuapa juu ya kitu ambacho hakukiona. Upungufu ulikuwa umegeuzwa kuwa kitu cha kuonekana.

Kazi hiyo ina masharti yake. Vimeng'enya ni vitu dhaifu. Moto huviua na dawa ya kuhifadhia maiti huvidhoofisha. Kipande kilichotolewa hupelekwa kibichi, hugandishwa mara moja, na hukatwa kikiwa kimeganda katika tabaka zenye unene wa kadiri ya sehemu moja ya mia ya milimita. Muuguzi akikitia kwa mazoea katika chupa ya formalini, kama anavyofanya kwa vipande vingine vyote, jibu limeharibika kabla ya swali kuulizwa, na mtoto hurudi tena kutolewa kipande kingine. Katika wiki za kwanza za maisha nyuzi hizo zaweza kuwa hazijakomaa, na jibu likatoka la mashaka. Katika miaka ya karibuni hospitali nyingi zimepokea njia nyingine, inayotumia kingamwili na kufanya kazi hata juu ya kipande kilichohifadhiwa katika formalini. Hata hivyo, penye jokofu la kugandishia na fundi mwangalifu, rangi ile ya kahawia bado inaaminiwa.

MOYO ULIOSIMAMA GHAFLA

Chumvi ya mahindi nayo iliingia hospitalini, tena katika chumba ambacho watu hawapendi kukitaja.

Mtu wa makamo aliyekuwa mzima jioni akikutwa amekufa alfajiri, mara nyingi maneno hufuata jeneza. Mmoja atasema alilishwa sumu, mwingine atamtazama jirani. Daktari anayeuchunguza mwili huenda akaukuta moyo hauna alama yoyote. Mshipa wa moyo unapoziba, nyama inayolishwa na mshipa huo hufa, lakini kifo chake hakionekani upesi. Hadubini huanza kukiona baada ya saa kadhaa, na macho matupu hukiona baadaye zaidi, kwa kawaida baada ya nusu siku au hata siku nzima. Mtu aliyeumwa kifua saa tano tu kabla ya kufa huzikwa na moyo unaoonekana mzima.

Mwaka 1963 Nachlas na Shnitka walionyesha kwamba chumvi za jamii ya tetrazoli zaweza kuufunua moyo wa namna hiyo. Moyo hukatwa vipande vyenye unene wa kadiri ya sentimita moja na kutiwa katika maji ya chumvi hiyo yenye joto la mwili. Kwa ile chumvi inayotumiwa kwa mahindi, baada ya dakika 15 au 20 nyama iliyokuwa hai hadi pumzi ya mwisho hugeuka nyekundu kama tofali. Nyama iliyokufa saa kadhaa kabla ya mwenyewe kufa imekwisha kuvujisha vimeng'enya vyake, nayo hubaki imepauka. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili huonekana wazi kiasi kwamba hata asiye daktari anaweza kuuonyesha kwa kidole.

Ni haki kutaja na mahali ambapo rangi hii hunyamaza. Mtu aliyekufa dakika chache baada ya mshipa kuziba hakuipa nyama nafasi ya kuvujisha kitu, na moyo wake wote utakuwa mwekundu. Mwili uliokaa muda mrefu bila baridi, hasa katika nchi za joto, hupoteza vimeng'enya kila mahali, na moyo wote hupauka. Kovu la zamani nalo halishiki rangi. Kwa hiyo daktari mwenye busara huuliza kwanza mwili ulikutwa saa ngapi na ulihifadhiwa wapi, ndipo aitazame rangi.

ALAMA YA ZAMBARAU NA KAZI YA POLISI

Mahali pengine ambapo rangi hizi huulizwa maswali ni katika upelelezi wa kosa la kubaka, na hapo kosa la kusoma jibu humwangukia mtu ambaye yu hai.

Tezi dume ya mwanamume hutoa kwa wingi mno kimeng'enya cha kukata fosfati kinachofanya kazi penye uchachu. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1935, na katika miaka iliyofuata likatumiwa kutafutia shahawa kwenye nguo na mashuka. Karatasi nyeupe iliyoloweshwa hubanwa juu ya nguo, huinuliwa, na hutiwa dawa iliyotengenezwa kwa kanuni ile ile ya Maud Menten: kitu kisicho na rangi kilichofungwa na fosfati, na mwenzake anayengoja kuungana naye. Penye kimeng'enya, alama ya zambarau hutokea katika dakika moja au mbili za mwanzo. Karatasi hufanya kazi ya kioo, humwonyesha mkemia wa serikali ni sehemu gani ya nguo aichunguze.

Lakini ndivyo ilivyo, humwonyesha pa kuchunguza, wala haithibitishi kosa. Kimeng'enya cha jamii hiyo kimo pia, kwa kiasi kidogo, katika majimaji ya mwili wa mwanamke, na kimo katika mimea kadhaa. Alama inayotokea kwa kuchelewa ina mashaka makubwa. Baada ya rangi lazima mbegu za kiume zitafutwe kwa hadubini, na siku hizi hufuatiwa na uchunguzi wa DNA, ambao ndio unaoweza kumhusisha mtu mmoja na alama hiyo au kumwondoa kabisa. Kadhalika, kukosekana kwa mbegu za kiume si ushahidi kwamba tendo halikutokea, kwa sababu mwanamume asiye na mbegu hutoa kimeng'enya kile kile. Mpelelezi anayemwambia mshtakiwa kwamba "rangi imekwisha kukushtaki" anasema neno ambalo rangi haikulisema.

Kilicho mikononi mwa familia na askari wa kituo ni kuzuia kimeng'enya kisife kabla ya kuulizwa. Aliyetendewa uovu huo hutamani kuoga na kufua kila alichokivaa, na hakuna anayeweza kumlaumu. Hata hivyo jamaa zake wamsihi aende hospitali kwanza, kwa ajili ya matibabu yake kabla ya kitu kingine chochote, na nguo ziachwe zilivyo. Nguo mbichi zianikwe kivulini hadi zikauke, si juani wala karibu na moto. Zisiwekwe katika mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu hubaki ndani na kuzioza. Zifungwe katika karatasi safi ya kaki, kila nguo peke yake. Juu ya kila karatasi yaandikwe maelezo ya nguo iliyomo, tarehe na saa, pamoja na jina na namba ya askari aliyeipokea.